Jinsi ya kuisoma gemu ya sita ya Reykjavik, 1972, na kuucheza ufunguzi wake

Tarehe 23 Julai 1972, mjini Reykjavik, Aisilandi, Bobby Fischer wa Marekani alikaa mbele ya bingwa wa dunia wa sataranji, Boris Spassky wa Umoja wa Kisovyeti, huku matokeo ya gemu tano za kwanza yakiwa 2½ kwa 2½. Akasogeza askari wa mstari wa c miraba miwili. Waliomfahamu walishangaa, maana karibu maisha yake yote alikuwa akifungua kwa askari wa e. Kwenye hatua ya 41 Spassky alikubali kushindwa, na ukumbi ulipoanza kupiga makofi, yeye mwenyewe akapiga pamoja nao.

Gemu hii husifiwa sana, lakini wengi huisoma vibaya. Wanakimbilia mwisho, pale ngome inapotolewa kafara, ilhali ushindi ulianza kujengwa zamani. Ukitaka kuielewa, chagua askari wawili tu wa kuwafuatilia: yule wa Nyeusi wa c5 na mwenzake wa d5. Kila jambo kubwa katika gemu hii linawahusu hao.

Vifaa na maandishi

Tumia ubao halisi wenye kete, usitegemee simu peke yake. Simu inakupeleka kwenye hatua inayofuata kwa kugusa tu, na jicho halipati muda wa kuzoea umbo la askari. Andaa daftari na saa, na tenga vipindi viwili vya kama saa moja na nusu kila kimoja.

Katika maandishi tunafuata herufi zilizozoeleka kwenye programu: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Askari hana herufi. Mraba hutajwa kwa mstari wake wa wima (a hadi h) na safu yake (1 hadi 8, kuanzia upande wa Nyeupe); herufi ndogo au namba ya ziada, kama katika cxd5, Rcf1 au R1f2, inaonyesha kete imetoka mstari au safu gani. Nukta tatu baada ya namba, kama 7...b6, zinaonyesha hatua ya Nyeusi. Alama ya x ni kula, + ni shaha (mfalme anatishwa), # ni mati (mfalme anatishwa na hana pa kuokokea), na O-O ni mfalme kupishana na ngome ya upande wake mfupi.

Ufunguzi wenyewe: hatua 10 za kwanza

1. c4 e6 2. Nf3 d5 3. d4 Nf6 4. Nc3 Be7 5. Bg5 O-O 6. e3 h6 7. Bh4 b6

Japo Fischer alianza na c4, kufikia hatua ya tatu tayari ni ufunguzi uitwao Gambiti ya Malkia iliyokataliwa: Nyeupe inatoa askari wa c4, Nyeusi haimli. Mfuatano unaweza kuanza pia kwa 1. d4 d5 2. c4 e6, na mahali pa kufikia ni pale pale. Hili ni somo la kwanza la vitendo: jifunze umbo, usikariri orodha ya hatua, la sivyo mpinzani akibadilisha mpangilio utapotea wakati ubao ni ule ule unaoujua.

Hatua ya 7...b6 ndiyo inayoupa utetezi huu jina la Tartakower. Warusi huongeza majina mawili, Makogonov na Bondarevsky, na huyo Igor Bondarevsky ndiye aliyemfundisha Spassky alipokuwa akipanda kwenda kutwaa ubingwa mwaka 1969. Kwa hiyo Fischer hakumvizia Spassky kwenye uchochoro asioujua. Alimfuata nyumbani kwake.

Tatizo la Nyeusi katika Gambiti iliyokataliwa ni askofu wa c8. Askari wa e6 amemzibia njia, hana pa kutokea. 7...b6 inamfungulia b7. Na 6...h6 iliyotangulia si hatua ya kupoteza muda: inamwondoa askari wa h7, ambaye mara nyingi hulengwa na Bd3 pamoja na Qc2, na inampa mfalme pa kupumulia.

Sasa angalia c4 na d5. Askari hao wameangaliana tangu mapema, na hakuna aliyekula hadi hatua ya nane. Anayetoka kwenye drafti, ambako kula ni lazima, hupata shida hapa. Katika sataranji kula ni hiari, na ukila kabla ya wakati unamfungulia mpinzani njia aliyokuwa akiitafuta. Fischer alisubiri mpaka Nyeusi ilipocheza b6, yaani mpaka ilipolegeza miraba ya upande wa malkia, ndipo akala:

8. cxd5 Nxd5 9. Bxe7 Qxe7 10. Nxd5 exd5

Kete nne zimeondoka, mbili kila upande, pamoja na askari mmoja mmoja. Nyeusi inapumua, na ndiyo faida ya utetezi huu. Lakini gharama yake ni kwamba d5 sasa ana askari asiyesogea kirahisi, na askofu akienda b7 atakuwa anaugonga ukuta wake mwenyewe. Ndiyo maana Spassky alicheza Be6, si Bb7. Ukicheza upande wa Nyeusi, weka kanuni hii: d5 akiwa ameliwa kwa askari wa e6, askofu wako ni wa e6, mshazari wa b7 ukiwa wazi, ni wa b7. Kuweka askofu b7 kwa mazoea tu ndilo kosa linaloonekana sana kwa wanaoanza.

Hatua ya 11 hadi 17: mibano miwili

11. Rc1 Be6 12. Qa4 c5 13. Qa3 Rc8 14. Bb5

Simama hapa. Panga ubao na ukae nao dakika kumi.

Malkia wa a3 anaangalia mshazari wa a3, b4, c5, d6, e7. Kwenye c5 kuna askari wa Nyeusi, na nyuma yake, kwenye e7, malkia wa Nyeusi. Askari huyo akila d4, malkia analiwa. Amebanwa. Hilo wengi wanaliona.

Mbano wa pili wanaupitia bila kuuona. 14. Bb5 inaonekana kumweka askofu mahali ambapo a6 atamfukuza, na kweli Spassky alicheza 14...a6. Fischer hakumwondoa askofu. Alicheza 15. dxc5 bxc5 16. O-O, askofu akiwa bado mdomoni mwa askari wa a6. Kwa nini haliwi? Kwa sababu 16...axb5 inafungua mstari wa a, na malkia wa a3 anaila ngome ya a8 bure: farasi wa b8 hajatoka, amesimama kati ya ngome mbili, kwa hiyo ngome ya c8 haiwezi kumlinda mwenzake. Malkia mmoja anabana askari wawili kwa wakati mmoja, mmoja kwenye mshazari, mwingine kwenye mstari wa wima.

Spassky akaitoa ngome: 16...Ra7. Sasa tishio la kumla askofu ni la kweli, maana a7 inalindwa na malkia wa e7 kupitia safu ya saba. Fischer akarudi 17. Be2. Ukihesabu, askofu ametumia hatua mbili kufika mraba ambao angeufikia kwa hatua moja. Je, amepoteza muda? Tazama alichopata: ngome ya Nyeusi imekaa vibaya a7, askari wa a amesogea, na baada ya dxc5 bxc5 askari wa c5 na d5 wamebaki wawili peke yao, bila askari mwenzao wa b wala wa e wa kuwasaidia. Hao ndio wanaoitwa askari wanaoning'inia.

Askari wa aina hii si wabaya kila wakati. Wakisimama pamoja wanashika miraba minne ya katikati, b4, c4, d4 na e4, na kete za nyuma yao zikiwa tayari wanaweza kusukumwa kwa nguvu. Ubaya wao unakuja pale mmoja anapolazimika kusogea kabla ya wakati. Kazi ya Nyeupe ni kumlazimisha.

Kwa anayetaka kuucheza ufunguzi huu leo kwa Nyeusi, jibu la 14. Bb5 linajulikana: 14...Qb7. Efim Geller, aliyekuwa katika kikosi cha Spassky kule Reykjavik, alilicheza dhidi ya Jan Timman mjini Hilversum mwaka 1973 na akashinda. Njia ni 15. dxc5 bxc5 16. Rxc5 Rxc5 17. Qxc5 Na6. Nyeusi inatoa askari mmoja, lakini baada ya 18. Bxa6 Qxa6 malkia wake anaushika mshazari unaofika f1, na mfalme wa Nyeupe hawezi kupishana na ngome. Anabaki katikati, akiwindwa. Jambo la kushika ni sababu: malkia akiondoka e7, mbano wa c5 unakwisha mara moja.

Hatua ya 17 hadi 20: ubadilishanaji unaoonekana kama kosa

17...Nd7 18. Nd4 Qf8 19. Nxe6 fxe6 20. e4

Farasi anaingia d4 mbele ya askari wa c5 kana kwamba hamwoni, maana c5 bado amebanwa. Spassky anamhamisha malkia f8 kujinasua. Hapo Fischer anakula askofu wa e6.

Mwanafunzi makini anapaswa kupinga. Kabla ya hapo d5 hakuwa na askari wa kumlinda; baada ya fxe6 anaye, wa e6. Nyeupe imemsaidia adui? Jibu liko kwenye rangi ya miraba. Askofu aliyebaki wa Nyeupe anatembea kwenye miraba myeupe, na Nyeusi haina tena askofu wa rangi hiyo wa kumpinga. Askari wa e6 na d5 wote wamesimama kwenye rangi ile ile. Kilichobaki ni kuuvunja ukuta huo ili askofu apite, na 20. e4 ndiyo nyundo yenyewe.

Spassky alijibu 20...d4. Kwa macho, ni hatua nzuri: askari aliyepita, yaani asiye na askari wa adui wa kumzuia mbele, tena analindwa na c5. Kwa kweli ndipo gemu ilipoinama. Akiwa d5, askari huyu alikuwa akiishika c4 na e4. Alipoondoka aliziacha zote mbili. c4 ikawa kiti cha askofu, na hakuna askari yeyote wa Nyeusi atakayeweza kumfukuza pale. Katika daftari lako andika hivi: kabla ya kumsukuma askari, taja kwa sauti miraba miwili anayoiacha.

Hatua ya 21 hadi 31: kumnyima farasi mahali pa kukaa

21. f4 Qe7 22. e5 Rb8 23. Bc4 Kh8 24. Qh3 Nf8 25. b3 a5 26. f5 exf5 27. Rxf5 Nh7 28. Rcf1 Qd8 29. Qg3 Re7 30. h4 Rbb7 31. e6 Rbc7

Fuatilia farasi mweusi. 22. e5 inamnyima d6 na f6. Akijaribu 23...Nb6 kumfukuza askofu, Nyeupe inajibu 24. Qb3, na farasi anabanwa mbele ya ngome ya b8: akimla askofu, ngome inaliwa tena kwa shaha. Anakwenda f8 kulinda e6, kisha h7. Pale h7 anaitamani g5, na 30. h4 inaifunga. Kila hatua ya Nyeupe inayoonekana ya kawaida ina mraba wa farasi ndani yake.

26. f5 inafungua mstari wa f na kumwachia huru askari wa e. Baada ya 31. e6, linganisha askari wawili waliopita. Wa Nyeusi wa d4 amekwama, hana kete inayomsukuma. Wa Nyeupe wa e6 ana askofu nyuma yake, na kete za Nyeusi zinalazimika kumchunga.

Hatua ya 32 hadi 36: kungoja

32. Qe5 Qe8 33. a4 Qd8 34. R1f2 Qe8 35. R2f3 Qd8 36. Bd3 Qe8

Malkia mweusi anakwenda e8, d8, e8, d8, e8. Hana jingine. Sehemu hii ndiyo tunayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Fischer angeweza kuharakisha; badala yake alifunga upande wa malkia kwa 33. a4, ili askari wa a5 asipate hata hatua moja ya kuleta fujo, kisha akainua ngome polepole. Muda uliowekwa ulikuwa saa mbili na nusu kwa hatua 40, kwa hiyo Spassky alikuwa akikaa na ubao huu mbele yake bila kuwa na la kufanya. Mpinzani akiwa hawezi kusogea, swali la kujiuliza ni moja: kete ipi yangu bado haijafika mahali pake pazuri kabisa?

Wanaojaribu kuiga gemu hii hukosea hapa hapa. Wanapata nafasi nzuri, wanaona haya kucheza hatua tulivu, wanashambulia hatua tatu mapema, na mpinzani aliyekuwa amefungwa anapata kubadilishana kete na kuponea.

Namna ya kuifanyia mazoezi

Kipindi cha kwanza, cheza hatua 1 hadi 20 mara mbili. Mara ya kwanza bila kusimama. Mara ya pili funika hatua za Nyeupe kwa karatasi, jipe dakika tatu kwa kila hatua kuanzia ya 11, andika unachokisia, kisha funua. Usijihesabie alama kwa kupatia tu. Jihesabie ukiandika pia sababu iliyo sahihi.

Kipindi cha pili, anzia hatua ya 20 na cheza upande wa Nyeusi. Ni vigumu zaidi, na ndiyo maana kinafaa. Kuanzia hatua ya 32 utaona mwenyewe jinsi hatua zinavyokuishia.

Programu ya kuchambua (tovuti ya Lichess inayo, na ni bure) ifungue mwisho kabisa, baada ya kuandika maoni yako. Ukiifungua mwanzoni itakupa namba, kwa mfano kwamba Nyeupe ina nafuu kidogo, na namba haisemi kwamba c4 imekuwa wazi.

Kisha cheza ufunguzi huu angalau gemu kumi za dakika 15 au zaidi kabla ya kuamua kama unakufaa. Kwenye gemu za dakika tatu hutajifunza kitu kuhusu askari wanaoning'inia.

Kuna mtego mmoja unaohusu hatua ya Bg5 ambao lazima uujue kwa pande zote mbili. Ikiwa Nyeusi imecheza Nbd7 mapema, kwa mfuatano 1. d4 d5 2. c4 e6 3. Nc3 Nf6 4. Bg5 Nbd7 5. cxd5 exd5, Nyeupe inaona kwamba farasi wa f6 amebanwa na askofu, inaila d5: 6. Nxd5. Nyeusi inajibu 6...Nxd5, ikimwachia malkia. 7. Bxd8 Bb4+, na Nyeupe haina budi kumzuia kwa malkia wake. 8. Qd2 Bxd2+ 9. Kxd2 Kxd8. Hesabu kete: Nyeusi imepata farasi kwa askari mmoja. Mbano una nguvu kwa kadiri ya kinachopotea ukivunjwa. Ule wa Fischer wa hatua ya 13 ulikuwa wa kweli kwa sababu Nyeusi ingemtoa malkia kwa askari mmoja tu.

Jaribio la mwisho, hatua ya 37

Panga ubao hivi. Nyeupe: Kg1, Qe5, Rf5, Rf3, Bd3, askari a4, b3, e6, g2, h4. Nyeusi: Kh8, Qe8, Re7, Rc7, Nh7, askari a5, c5, d4, g7, h6. Nyeupe inacheza. Jipe dakika kumi bila kugusa kete.

Fischer alicheza 37. Qe4. Malkia amesimama mbele ya askofu, wote wanaielekea h7. Tishio ni 38. Rf8+; farasi akila, 39. Rxf8+ Qxf8 40. Qh7#. Malkia akila badala ya farasi, anatolewa kwa ngome mbili. Spassky alijibu 37...Nf6, na farasi yule aliyezunguka d7, f8 na h7 akaliwa pale: 38. Rxf6 gxf6 39. Rxf6 Kg8 40. Bc4 Kh8 41. Qf4. Tishio la Rf8+ linamchukua malkia, na Nyeusi ikasalimu.

Wanaokosa jaribio hili karibu wote huandika 37. Rf8+ moja kwa moja. Wazo ni lile lile, wamelipata. Lakini cheza ubaoni: 37...Nxf8 38. Rxf8+ Qxf8, na malkia wa Nyeupe bado yuko e5. Hawezi kufika h7. Akija e4 sasa anachelewa hatua moja, na ngome mbili zimekwenda kwa farasi mmoja.